Dainamo ya Lori kwenye Mashua ya Bashaija

Bashaija tumemzika juzi, nami nimerudi Kashai miguu imevimba kwa kukaa siku nne kwenye viti vya msibani. Sikusoma. Nilifika darasa la pili nikatoka, na kila kilicho mbele yangu hapa, nyumba, karakana, watoto waliosoma mpaka wao wenyewe wakachoka, nimekipata kwa mikono hii miwili yenye makovu ya asidi. Kwa hiyo anayetafuta sentensi za kupendeza amtafute mwalimu. Mambo ya ukoo wangu na ya kwetu Buganguzi nayaacha, maana kila mzee anayeandika huanza na babu yake, na babu yangu hakuwahi kugusa waya. Ninaandika mwaka mmoja tu, mwaka ule wa enzi ya Mwingereza ambao senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka mpaka mbuzi wakawatema, kwa sababu mjane wa Bashaija ameniambia neno ambalo limenivuruga. Nilidhani mwaka ule naujua. Nilikuwa nimeusimulia baa, kipaimara na harusini, na kila mara nilikuwa mimi mkubwa ndani yake, ingawa sehemu moja niliiruka.

Nilikuwa kijana wa chumba cha betri katika gereji ya Bwana Hirji, nyuma ya soko la Bukoba. Chumba kile hakikuwa na dirisha, kilikuwa na tundu la kutolea mvuke, na harufu yake ilikamata koo kama moshi wa pilipili. Betri zilipangwa juu ya ubao, za malori upande huu, za redio za wakubwa upande ule, zikitoa mapovu kama uji unaoanza kuchemka. Maji ya kuongezea niliyakinga mwenyewe mvua ikinyesha, kwa sufuria iliyowekwa uwanjani, mbali na bati, maana maji ya bati yana kutu na kutu huua betri. Saa saba mchana mke wa Bwana Hirji alituletea chapati na dengu kwenye bakuli la bati, tukala tumechuchumaa mlangoni, na hapo ndipo nilipopata elimu yangu. Wakubwa wakija gereji walizungumza juu ya vichwa vyetu kana kwamba sisi ni mafiga. Mzungu mmoja wa barabara alikuwa na mashua ndogo nyeupe ya tanga ya kujifurahisha Jumapili, na nyuma yake alikuwa amefunga mota ya umeme, inayokula betri mbili nilizomchajia mimi kila Jumamosi. Bwana Hirji alimuuliza kwa nini hanunui mashine ya petroli kama wenzake. Mzungu akajibu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Tanga ni bwana. Mota ni boi. Boi akipiga kelele, bwana hana raha." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kitu. Mota ile haikuwa ya kusafiria. Ilikuwa ya kufikia. Upepo unakubeba safari nzima, halafu unakufia ukiwa unaona moshi wa jiko la nyumbani. Hapo ndipo unamwita boi.

Wakati huo Bashaija alikuwa na mashua ya mbao yenye tanga moja la kitambaa cha marekani lenye viraka, akichukua watu, kahawa na samaki wakavu kati ya Bumbire na pwani ya Muleba. Alikuwa mrefu, mweusi, mchache wa maneno, amenizidi miaka minane hivi, nami nilimfuata kama mkia kila alipopanda mjini. Anayeijua pwani ile anajua miamba yake. Upepo wa ziwani unakuleta vizuri mpaka mbele ya ule ukuta wa mawe, halafu unakufa, maana hauna pa kwenda, na wimbi linakusukuma kwenye mwamba polepole kama mama mkwe anayekutoa mlangoni kwa adabu. Hapo Bashaija alikuwa amevunja mbavu za mashua mara mbili. Nikamwambia, "Mimi nitakutengenezea boi." Akasema, "Wewe? Hata shati lako limeliwa na asidi." Nikamwonyesha jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Dainamo ya lori ukiizungusha inakupa umeme. Lakini ukiipa umeme wa betri, inazunguka yenyewe. Nililigundua kwa kukosea waya, dainamo ikaruka mezani ikamgonga Bwana Hirji kwenye goti, na kofi nililopigwa silijutii hadi leo.

Bwana Hirji akanipa dainamo ya lori lililopinduka, akasema niifanyie ninachotaka mradi nisiifanyie karibu na goti lake. Shafti niliichonga kutoka kwenye chuma cha kitanda. Feni ya majini tulimpelekea mhunzi wa Kagondo, mzee aliyefua majembe maisha yake yote, naye akaifua kwa bati nene la bampa, nzuri kweli, mabawa matatu sawasawa. Tulipoishusha ufukweni Nyamukazi watu walijaa. Nikaunga waya. Mashua ikarudi nyuma. Mzee alikuwa amekunja mabawa upande wake. Mwanamke mmoja muuza samaki akapaza sauti, "Hiyo ni ya wanaokimbia kodi! Karani akija mbele, wao wanaondoka kinyumenyume!" Nikageuza waya za betri, hasi pale chanya, nikaunga tena kwa kujigamba. Ikarudi nyuma tena. Watu walikaa chini kwa kucheka. Bashaija hakucheka, aliniangalia tu, akaniuliza kwa upole, "Je, tugeuze mashua?" Ilinichukua siku tatu kujua kwamba ndani ya dainamo kuna waya mbili zinazopigana, ya koili za pembeni na ya ule moyo unaozunguka, na ukigeuza zote pamoja hujageuza kitu. Lazima uguse ya pembeni peke yake. Wasomi waliojifunza hilo kwenye kitabu nimewaonea huruma maisha yangu yote, hawakulipata kwa machozi.

Basi ikaenda mbele. Betri mbili za lori tuliziweka kwenye sanduku chini ya mashua mahali pa mawe ya uzito, hivyo hata zikiwa zimelala zilikuwa na kazi. Chaji kamili ilitupa kama dakika arobaini, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani bila kuchelewa. Zilitutosha kabisa. Mara kumi na zaidi tulifika chini ya miamba, Bashaija akashusha tanga, akainua kidole kimoja bila kugeuka, nami nikaunga waya, na tukaingia kwenye ghuba kimya, bila moshi, abiria wakifanya alama ya msalaba. Kile kidole nilikipenda. Sijawahi kuamriwa na mtu kwa heshima namna ile. Nikafunga na taa moja ya lori puani mwa mashua, haikuwa na kazi kubwa, ilikuwa ya kuringa tu.

Mwezi wa senene Bashaija akawa anaoa. Mchumba alikuwa Kokugonza wa Bumbire, wote tulimwita Koku. Mama yake alikuwa amekufa, na baba yake, Mzee Rutabana, alikuwa Mkatoliki mgumu aliyekuwa na sharti moja: binti atatoka kwake asubuhi, atafungishwa ndoa kanisani siku hiyo hiyo, na hatalala chini ya paa la mwanaume bila ndoa hata kama paa lenyewe ni la mama wa mwanaume. Padri alifika kwa zamu kwenye kanisa la kwao Bashaija, juu ya kilima pwani ya Muleba, akishamaliza misa ya asubuhi na ndoa anapanda pikipiki yake saa sita kwenda kigango kingine. Shangazi za pande zote walichukizwa kwamba bwana harusi anakwenda kumchukua bibi harusi mwenyewe kama mchukuzi wa mizigo. Bashaija akawaambia, "Nitajieni mwingine wa kuishika mashua hii." Wakakubaliana kwamba atakaa nyuma kwenye usukani, na Koku atakaa mbele amefunikwa shuka, na hawatatazamana. Ili wageni wa harusi waenee, Bashaija aliacha makafi nyumbani, akabakiza moja tu. Mimi ndiye niliyemwambia ayaache. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka kama jina langu, "Makafi ya nini na mimi nipo?"

Tulifika Bumbire jioni ya siku ya kutangulia. Bashaija hakuruhusiwa kukanyaga ua wa wakwe, akaenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wavuvi upande wa pili wa kisiwa. Mimi nikabaki na mashua. Giza lilipoingia tu, senene wakaanza kushuka, unawasikia wakigonga tanga kama mvua ya mchanga. Koku akaja na shangazi yake, Ma Anastazia, wamebeba magunia. Shangazi akabaki juu penye nyasi, Koku akateremka mpaka majini.

"Shemeji," akasema, "hiyo taa yako inawaka mashua ikiwa imesimama?"

"Inawaka. Lakini ni ya safari."

"Safari gani ya taa? Kesho tunakwenda na jua." Halafu akasema kwa sauti ambayo si ya mzaha. "Kaijage, mimi sina mama wa kunifungia mzigo. Nikifika kwa mama mkwe msimu huu bila senene niliowakamata kwa mikono yangu, watanicheka mpaka ning'oke meno. Mume wangu atakula senene wa nani?"

Asiye Mhaya haelewi uzito wake. Wakati ule mwanamke hakuwala senene. Aliwakamata, akawanyonyoa, akawakaanga, akampelekea mume, na mume akamjibu kwa nguo mpya. Ndivyo mwanamke alivyojulikana kuwa yupo nyumbani. Niliwaza betri. Nikajiambia nusu saa haitadhuru. Pia, nisidanganye, nilitaka aone. Nikawasha, tukasimamisha bati mbele ya mwanga, na senene wakamiminika wakateleza kwenye gunia kama wamelipiwa nauli. Ma Anastazia akashuka mbio akipiga vigelegele. Nusu saa ikawa saa moja, saa moja ikawa magunia mawili. Taa ilipoanza kuwa ya manjano nikaizima. Fundi wa betri aliyeona taa ya manjano akaenda kulala, huyo hakuwa mtoto wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa mpumbavu mwenye majivuno, na ni mimi.

Asubuhi upepo wa ziwani ulituchukua vizuri. Watu kumi na wawili, nguo za harusi, kuku, mtungi wa rubisi, magunia mawili yaliyokuwa yakichakacha. Mzee Rutabana alikaa katikati amevaa koti, ameshika saa yake ya mnyororo. Wanawake waliimba. Tulipofika chini ya miamba tanga likalegea, kama kawaida. Bashaija akalishusha. Akainua kidole.

Nikaunga waya. Feni ikageuka mara nne, tano, kwa uvivu, kama mtu anayegeuka kitandani, ikasimama.

Nikagusa tena. Hakuna. Bashaija akasubiri bila kugeuka, kidole kiko juu. Huo ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kuishi, na nimewahi kulala mahabusu. Mwishowe akageuka. "Nini?"

"Betri," nikasema.

"Ulizichaji?"

"Nilizichaji."

Ma Anastazia, Mungu amweke pema, hakujua betri ni nini. Akamwambia Bashaija kwa furaha, akimwita Waitu kwa heshima, "Hiyo mashine imechoka tu, Waitu, si ilituwakia taa jana mpaka tukapata magunia yote haya?"

Nyimbo zikakatika. Bashaija akatazama magunia, akanitazama mimi. Mbele, chini ya shuka, Koku hakutikisika. Mimi nilimwona tu mkono wake ukishika ubao wa mashua mpaka vidole vikabadilika rangi. Bashaija akauliza, taratibu, "Nani alikutuma?"

Hapo ndipo mwaka wangu wote ulipo. Ningesema jina moja tu ningepona. Lakini bibi harusi aliyechelewesha harusi yake mwenyewe kwa tamaa ya senene, mbele ya baba yake na shangazi wa pande mbili, huyo angeliishi na jina hilo hadi kaburini. Nikasema, "Hakunituma mtu. Nilitaka kujionyesha."

"Mbele ya wakwe zangu," akasema Bashaija. Akainama akachukua kafi.

Tukapiga kafi moja kwa zamu. Wanawake walipiga maji kwa masinia, kwa vifuniko vya sufuria. Mjomba wa Koku alitumia kiti. Wimbi lilitugonga mwambani mara moja, likachuna mbao, rubisi ikamwagika yote kwenye koti la Mzee Rutabana. Tulipogusa mchanga tulisikia pikipiki ya padri ikinguruma juu ya kilima, ikififia, ikaisha.

Mzee Rutabana alishuka akinuka ndizi mbivu. Akafunga saa yake. "Tunarudi," akasema. "Koku, kaa hapo hapo ulipo. Kijana, washa mashine."

"Tata, betri zimekufa," nikasema, nikimwita baba kwa heshima.

"Basi pandisheni tanga."

Bashaija akajibu, "Tata, upepo unatoka huko huko tunakotaka kwenda. Mpaka alfajiri hautageuka."

"Makafi?"

"Kafi ni moja, Tata."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Alidhani tumepanga binti yake alale huku bila ndoa. Akanijia mpaka nikaona vinyweleo vya puani. "Wewe wa waya. Niapie kwamba haiwaki." Nikafungua sanduku, nikagusanisha waya mbili mbele yake, hata cheche moja haikuruka. Akatazama zile waya muda mrefu. Halafu yule mzee akaketi juu ya gunia la senene, akavua koti, akasema, "Mmeniteka kwa kitu kilichokufa." Na mama yake Bashaija, mwanamke mdogo mwenye akili kuliko sisi wote, akapiga magoti mbele yake akamsalimu kama ndiyo kwanza anafika, akasema katekista ameshapanda baiskeli kumfuata padri, na bibi harusi atalala kwa katekista na shangazi yake, na wewe Waitu utakula nini, ndizi za nyama au za maharage?

Alikula zote mbili. Jioni hiyo chumba cha mama Bashaija kilikuwa na moshi, majani mapya yametandazwa chini, wanawake mzunguko mzima wakinyonyoa senene mabawa, na Mzee Rutabana akiletewa wa kwanza kukaangwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Nilikuwa nje, chini ya dirisha, hakuna aliyeniambia niingie. Nilimsikia akitafuna. Nilimsikia akisema, "Binti yangu kawakamata hawa? Wanono." Padri alirudi asubuhi, amejaa vumbi na hasira, akawafungisha ndoa kabla ya kifungua kinywa. Harusi ilikuwa nzuri. Sikualikwa kukaa na wenye harusi.

Bashaija hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alifungua mota mwenyewe, akaileta gereji siku nisiyokuwepo, akaiacha mlangoni. Miezi mitano alipita mbele ya soko kama mimi ni nguzo. Nilijifunza kazi sana miezi ile, kwa sababu sikuwa na pa kwenda Jumapili. Nilijifunza kupima nguvu ya betri kwa kipimo cha kioo, niliandika kwa chaki juu ya kila moja siku ya kuchajiwa, na tangu hapo hakuna mteja aliyeniambia betri yangu imemwacha njiani. Watu husema mzee Kaijage ni mkali kwa vijana wake. Ndiyo. Wanadhani ni tabia.

Halafu siku moja ya kuvuna kahawa akaingia chumba cha betri, ameinamisha kichwa kwa ule urefu wake, ile mota ameitoa pale mlangoni akaibeba begani, na sanduku jipya la mbao mkononi. Sanduku lilikuwa na kufuli. "Ifunge tena," akasema. "Betri zitakaa humu. Ufunguo anao mke wangu. Ukizitaka, ukamwombe yeye." Nikainama haraka nikajifanya natafuta spana, maana kicheko kilinijaa. Amempa ufunguo mwizi mwenyewe! Tulisafiri pamoja miaka tisa kwa mota ile, mpaka mashine za petroli zikawa rahisi, na nilipofungua karakana yangu yeye ndiye aliyebeba tofali la kwanza. Na miaka yote hiyo, kila nilipomwona akimwomba Koku ufunguo, nilijiambia moyoni: maskini Bashaija, angejua. Nilijiona mimi ndiye nguzo ya nyumba ile. Nilimbeba mke wake mgongoni, na yeye hajui.

Juzi baada ya mazishi, wageni wamepungua, Koku aliniita chumbani. Amekuwa mzee, macho yana ukungu, lakini mikono bado ina haraka. Aliniwekea sahani ya ndizi na samaki, akakaa kunitazama nikila kama mtu anayengoja nimalize. Nikamwambia, kwa kujikweza, nisijue ninachofanya, "Shemeji, lile la taa amekwenda bila kulijua. Tulimficha vizuri."

Akashangaa. "Lipi? La betri? Nilimwambia wiki ile ile, Kaijage. Ningeanzaje ndoa na kitu kama hicho tumboni?"

Tonge lilibaki mkononi. Nikamuuliza basi kwa nini alininyamazia miezi mitano. "Alikuwa na hasira na mimi," akasema, "na wewe, na yeye mwenyewe kwa kuacha makafi. Alizimaliza taratibu, unamjua." Na kwa nini hakuniambia baadaye? Kumbe ufunguo aliutoa akijua kila kitu. Koku akakunja kanga yake magotini.

"Mimi nilimwambia akuambie. Akasema, 'Mwache. Yule hana baba, hana shule, hana shamba. Ana hicho tu, kwamba alikusitiri. Nikimwambia najua nitakuwa nimemnyang'anya.'"

Niliosha mikono kwenye bakuli, nikainuka, nikatoka. Waliokuwa wamekaa uani waliniona natembea haraka, wakadhani nimebanwa, wakanielekeza choo kilipo. Nikaenda huko huko, nikafunga mlango, nikalia.